Anayeweza Kuzuia Malipo Ndiye Mwenye Mradi

Tangu Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje Januari 2025, na hasa baada ya USAID kufungwa rasmi Julai 1 mwaka huo, kuna tafsiri moja inayorudiwa kwenye semina, kwenye hotuba na kwenye vikao vya bajeti, tena kwa sauti ya matumaini. Inasemwa kwamba shari hii ina heri ndani yake. Mfadhili ameondoka, Uingereza nayo imetangaza kushusha misaada yake kutoka asilimia 0.5 ya pato la taifa hadi asilimia 0.3 ifikapo 2027, kwa hiyo vijiji vya Afrika vitalazimika kusimama vyenyewe: vitachanga, vitapanga, na hatimaye vitaimiliki miradi ambayo kwa miaka mingi ilikuwa ya wageni. Nawaelewa wanaosema hivyo. Wengi wao wamechoka, kama nilivyochoka mimi, kuona bango lenye nembo tano limesimama imara kando ya bomba lisilotoa maji. Lakini tafsiri hiyo inachanganya mambo mawili. Mfadhili akiondoka, gharama ndizo zinazohamia kijijini. Mamlaka hayahami kwa sababu hayakuwa kwake peke yake. Mengi yalikuwa na bado yako halmashauri, wizarani na kwa wakandarasi.

Hoja yangu ni kwamba miradi ya vijijini haijawahi kukwama kwa uhaba wa michango au mikutano. Imekwama kwenye maswali ambayo hayaulizwi mkutanoni: nani anashika mkataba, nani anajua bei, na nani akisema mkandarasi huyu asilipwe, kweli hatalipwa. Kijiji kinapokuwa na nguvu hiyo, mradi hubadilika, mfadhili awepo au asiwepo. Kisipokuwa nayo, kukiomba kishiriki zaidi ni kukiongezea kazi tu.

Historia yetu wenyewe hapa Tanzania inalieleza hili kuliko vitabu vya wafadhili. Katika miaka ya sitini, wakulima wa Ruvuma, kuanzia kijiji cha Litowa, waliunda jumuiya yao ya maendeleo. Walilima pamoja, wakawa na shule yao, wakaamua wenyewe mapato yaende wapi. Mwalimu Nyerere alivutiwa nao, na Ujamaa wa Azimio la Arusha wa 1967 ulifanana sana na walichokuwa tayari wanakifanya. Mwaka 1969 TANU ikaivunja jumuiya hiyo. Miaka michache baadaye, katika Operesheni Vijiji, mamilioni ya watu walihamishwa, wengi kwa nguvu, na lugha iliyotumika ilikuwa ile ile ya kujitegemea na kufanya kazi kwa pamoja. Dola haikuwa na ugomvi na wananchi wanaochimba mitaro. Ilipata shida na wananchi wanaoamua.

Maji vijijini yalipita njia ya namna hiyo. Mwaka 1971 serikali ilianzisha mpango wa miaka 20 wa kumfikishia kila mwananchi wa kijijini maji safi ndani ya mita 400. Mwaka 1991 ukafika, lengo likiwa mbali. Kufikia Sera ya Maji ya 2002 upepo ulikuwa umegeuka: sasa jamii ichangie sehemu ya gharama za ujenzi na ibebe yenyewe gharama za uendeshaji na matengenezo. Tulitoka serikali kufanya kila kitu tukaingia mwananchi kubeba kila kitu, na katikati hatukupita kipindi ambacho mwananchi aliulizwa ni pampu ya aina gani ingefaa, inunuliwe kwa nani, na kwa bei ipi.

Sheria, ukiisoma, si mbaya. Mkutano mkuu wa kijiji ndicho chombo cha juu kijijini, kila mkazi mwenye umri wa kuanzia miaka 18 ni mjumbe, na unapaswa kuketi kila baada ya miezi mitatu na kusomewa mapato na matumizi. Shida iko kwenye kinachofanyika. Mkutano wa kupokea mradi huitishwa siku ambayo gari la halmashauri limepata mafuta. Karatasi ya mahudhurio huanza kuzunguka kabla ya ajenda, kwa sababu ndiyo itakayoambatishwa kwenye taarifa, ikiwa na safu yake ya wanaume na safu yake ya wanawake. Nimewahi kukaa kwenye mmoja, katika halmashauri ambayo sitaitaja. Mzee mmoja aliuliza kisima kitagharimu shilingi ngapi. Akajibiwa kwamba hilo ni suala la kitaalamu. Akauliza kama mahali palipochaguliwa panaweza kubadilishwa, kwa sababu bondeni pale maji huwa ya chumvi wakati wa kiangazi. Akaambiwa upimaji umeshakamilika. Muhtasari ulipotoka uliandika kuwa wananchi waliupokea mradi kwa furaha na kuahidi kutoa ushirikiano, na kwa kweli hakuna neno la uongo humo, maana watu walipiga makofi.

Wapo wanaolaumu wananchi wenyewe: hawaji mikutanoni, na asiyekuwapo na lake halipo. Lawama hii inasahau kwamba mkutano una gharama. Mama anayepoteza nusu siku ya palizi kwenda kusikiliza uamuzi uliokwisha kufanyika amepiga hesabu zake vizuri kabisa asipokwenda. Mpe ajenda ambayo neno lake linaweza kuibadilisha, ndipo umpime kwa mahudhurio.

Hoja inayopendwa zaidi, na ambayo kwa maoni yangu ndiyo dhaifu kuliko zote, ni kwamba mchango ndio unaozaa umiliki. Cha bure hakithaminiwi, wanasema, kwa hiyo wananchi wakisomba mawe, mchanga na maji ya ujenzi, wataulinda mradi. Ingekuwa hivyo, Tanzania isingekuwa na maboma, yale majengo ya umma yaliyoishia kwenye kuta. Vijiji vimefyatua tofali, vimechangishana kaya kwa kaya, vimepandisha kuta za madarasa na zahanati hadi hatua ya lenta kama vilivyoagizwa, vikisubiri serikali iezeke. Yapo maboma yaliyosubiri mpaka mvua zikaanza kula kuta. Nani alikosa moyo wa umiliki hapo? Na mbona hoja hii haivuki mipaka ya mji? Mkazi wa Masaki, mtaa wa wenye nacho Dar es Salaam, hajawahi kuambiwa achimbe mtaro wa bomba kuu Jumamosi ili aone uchungu na mali. Analipa ankara yake, na maji yakikatika anapiga simu na kulalamika, na hakuna anayemwona mtu asiyethamini maendeleo. Mchango wa nguvu una faida moja ya wazi: unapunguza gharama za mradi. Hiyo ni faida halali, na ingekuwa uungwana kuitaja kwa jina hilo.

Ukitaka kuona umiliki wa namna hii unavyofika mwisho, angalia pampu za mkono. Makadirio yaliyotolewa 2009 kwa Afrika kusini mwa Sahara yalionyesha kuwa karibu pampu 36 katika kila 100 zilikuwa hazifanyi kazi, na makadirio ya miaka ya karibuni yanazungumzia takriban moja kati ya nne. Pampu hizo zilikuwa na kamati. Nyingi zilikuwa na mweka hazina, daftari, na fundi wa kijiji aliyepewa mafunzo ya siku chache na cheti. Kilichokosekana ni kipuri kinachouzwa umbali unaofikika, na fedha za kutosha siku kipuri kinapohitajika. Ndoo ya lita 20 inapouzwa kwa shilingi chache, mfuko wa kamati unamudu kubadilisha koki. Haumudu kupandisha mabomba yaliyooza mita 60 chini ya ardhi. Tukaviachia vijiji kazi ya uhandisi kisha tukashangaa kwa nini si wahandisi. Ndiyo maana siungani na wanaolalamika kwamba kuanzishwa kwa RUWASA, wakala wa serikali wa maji vijijini, mwaka 2019, na kuunganishwa kwa kamati ndogondogo kuwa vyombo vikubwa vyenye mafundi na wahasibu wa kuajiriwa, kumewanyang'anya wananchi maji yao. Mwananchi hahitaji kuwa fundi ili awe na kauli. Anahitaji kuweza kuuliza makusanyo ya mwezi yamekwenda wapi, na aliyeshindwa kujibu aondoke. Kama vyombo hivi vipya vinaruhusu hilo, hiyo ni habari nyingine, na majibu hutofautiana wilaya hadi wilaya.

Upande wa pili wa mjadala wako wenye shaka, na hawa wana ushahidi mzito kuliko ule wa wapenzi wa michango. Benki ya Dunia ilitumia takriban dola bilioni 85 kwa miaka kumi kwenye miradi ya kushirikisha wananchi. Mwaka 2013 wachumi wake walichapisha mapitio ya tafiti zipatazo 500 na kukuta matokeo ya kuchanganya, mengi yakiwa madogo. Sierra Leone, mpango uitwao GoBifo, ulioendeshwa kati ya 2005 na 2009, ulipimwa kwa makini katika vijiji 236, nusu vikiwemo kwenye mpango na nusu vikiwa vya kulinganishia. Vilivyopata fedha vilijenga vitu, na vikavijenga vizuri. Lakini wanawake na vijana, ambao mpango ulisisitiza wapewe nafasi, hawakuwa na sauti zaidi katika maamuzi mengine ya kijiji kuliko wenzao wa vijiji visivyopata kitu. Kongo, mpango wa Tuungane nao haukuonekana kubadilisha sana namna vijiji vinavyotawaliwa. Mwenye shaka anauliza: kama ndivyo, kwa nini tupoteze muda kwenye vikao badala ya kumtuma mhandisi ajenge?

Swali ni la haki, na sehemu yake naikubali. Kikao hakibadilishi mfumo wa nguvu kijijini kwa sababu tu mwezeshaji ameleta kalamu na karatasi kubwa. Ila tuone kilichopimwa. Katika miradi hiyo kijiji kilipewa ruzuku ya mara moja kutoka nje, kwa masharti na ratiba ya nje, na ruzuku ilipokwisha mwezeshaji akaondoka. Machifu, madiwani, bajeti ya wilaya na sheria za ardhi vilibaki kama vilivyokuwa. Hata Uganda inafundisha jambo la karibu na hili. Huko, utafiti mmoja katika jamii 50 ulionyesha kuwa wananchi walipopewa takwimu za zahanati yao na kukutanishwa na watumishi, vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vilipungua kwa karibu theluthi. Baadaye utafiti mkubwa zaidi, katika vituo 376, haukuona upungufu huo wa vifo. Wenye shaka wanaichukua ile ya pili na kufunga mjadala. Mimi naisoma hivi: mwananchi anayejua kwamba mganga hakuja kazini, lakini hawezi kumhamisha, kukata posho yake wala kuagiza dawa, amepewa taarifa bila mpini. Mara nyingine aibu mbele ya majirani hutosha. Mara nyingi haitoshi.

Kuna pingamizi jingine ambalo wapenzi wa ushiriki hulipitia haraka: je, tukikipa kijiji fedha, nani kijijini atazishika? Kijiji si kitu kimoja. Kina wenye mifugo mingi na wasio na hata jembe, kina ukoo wa mwenyekiti na koo nyingine. Magharibi mwa Kenya, katika eneo la Busia, vikundi vya wanawake vilipoanza kupewa fedha na wafadhili, vilivutia wanachama wapya wenye elimu na ajira, wanaume wakaingia kwenye uongozi, na wale wakongwe maskini waliovianzisha wakasukumwa pembeni. Kwa hiyo sisemi mamlaka yashushwe kijijini halafu tufumbe macho. Nasema tu kwamba wizi wa kijijini una faida ambayo ule wa wilayani hauna: unafanyika mahali ambapo waliouona wanaishi. Uganda hiyo hiyo, kati ya 1991 na 1995, shule za msingi zilikuwa zinapata kama asilimia 13 tu ya ruzuku iliyotengwa kwa ajili yao; iliyobaki iliishia ngazi za juu. Serikali ilipoanza kutangaza magazetini na kubandika shuleni kiasi kilichotumwa, kiwango kilichofika kikapanda sana. Bado wanazuoni wanabishana ni kiasi gani cha mabadiliko hayo kilitokana na magazeti. Kwangu inatosha kwamba mkuu wa shule aliacha kuwa mtu wa kusubiri akawa mtu wa kudai, kwa kuwa alijua namba.

Mifano ya mafanikio iliyo karibu nasi haikuanzia kwenye vikao. Duru-Haitemba, wilayani Babati, serikali ilikuwa mbioni kuufanya msitu wa miombo kuwa hifadhi yake mwanzoni mwa miaka ya tisini. Wanavijiji waligoma. Mwaka 1994 msitu ukaachwa mikononi mwa vijiji vinane, vikatunga sheria ndogo, vikaweka walinzi wao, vikatoza faini, na Sheria ya Misitu ya 2002 ikaufanya mpango wa namna hiyo uwe na nguvu nchi nzima. Shinyanga, mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI) ulioanza 1986 ulirudisha uoto kwenye mamia ya maelfu ya hekta kwa kutumia ngitili, desturi ya kutenga maeneo ya malisho ili uoto urudi, ambayo Wasukuma walikuwa nayo tayari na ambayo kuhamishwa kwa vijiji kulikuwa kumeivuruga. Niger, wakulima walioacha visiki vichipue wamerudisha miti kwenye hekta zipatazo milioni 5. Huko nyuma mti ulihesabiwa kuwa mali ya serikali hata ukiota katikati ya shamba la mtu, na mkulima alikuwa na kila sababu ya kuung'oa ungali mche. Alipojua kwamba kuni na majani ni vyake, aliulinda bila kuitiwa semina. Mahali pote hapa haki ilitangulia, watu wakafuata.

Kenya wamekwenda mbali zaidi kwenye maandishi. Katiba ya 2010 imeufanya ushiriki wa umma kuwa takwa la kisheria, mahakama zinaupima, na 2021 mahakama iliyoketi Meru iliamua kwamba hati za takriban ekari 150,000 za mradi mkubwa wa umeme wa upepo wa Turkana, wenye mitambo 365, hazikupatikana kwa utaratibu. Mradi ulikuwa umeshajengwa na unazalisha umeme. Hayo ndiyo matokeo ya kuwauliza watu habari za ajira na zahanati huku swali la ardhi likijibiwa ofisini. Lakini Kenya hiyo hiyo ina Makueni, na hapo ndipo ningepeleka madiwani wetu wakajifunze badala ya ziara za Dubai. Kwa kila mradi wakazi huchagua kamati ya usimamizi, na chini ya utaratibu uliojengwa wakati wa Gavana Kivutha Kibwana, mkandarasi halipwi mpaka kamati hiyo isaini kwamba kazi imefanyika. Saini moja tu. Inamfanya mkandarasi amtafute mkulima, amweleze kwa nini saruji ya mfuko fulani imechanganywa na mchanga kiasi fulani, na arudie ukuta uliopinda. Hakuna warsha ya uwezeshaji inayoweza kumfundisha adabu hiyo.

Tanzania tumewahi kulikaribia jambo hili, karibu bila kukusudia. Mkopo wa IMF wa 2021, ule wa mpango wa UVIKO-19, ulijenga madarasa 15,000, na mengi yalijengwa kwa fosi akaunti: shilingi milioni 20 kwa darasa moja la sekondari zikaingia kwenye akaunti ya shule, kamati za ujenzi, manunuzi na mapokezi zikaundwa, na mzazi aliyejua bei ya bati dukani akajikuta anapokea bati na kuzihesabu. Kwa mara ya kwanza watu wengi vijijini walijua gharama ya darasa. Mpaka leo ukitaja jengo la serikali la milioni 90, utasikia mtu anauliza hayo ni madarasa mangapi. Kasoro zilikuwepo: muda ulikuwa mfupi kupita kiasi, ramani na bei vilitoka juu bila kujali umbali wa kijiji na duka la saruji, na kamati nyingine zilisaini tu walichoandikiwa. Hata hivyo, elimu ya umma iliyopatikana pale ni kubwa kuliko ya miaka mingi ya bango la mradi.

Kwa hiyo, kwa wizara na mashirika yanayoandika upya mipango yao baada ya 2025, sioni haja ya miongozo mipya ya ushirikishwaji. BOQ, yaani orodha ya kazi na vifaa vya mradi, ibandikwe kwenye mbao za matangazo za kijiji kwa Kiswahili, ikiwa na bei. Hati ya malipo iwe na nafasi ya saini ya kamati iliyochaguliwa na mkutano mkuu, na malipo yasiyo na saini hiyo yahesabiwe kuwa hoja ya ukaguzi. Michango ya nguvu ihesabiwe kwa fedha na iandikwe kwenye hesabu za mradi kama ya mfadhili mwingine yeyote, ili aliyetoa siku kumi za kazi awe na haki ya kuuliza kama aliyetoa milioni kumi. Matengenezo makubwa yaachiwe taasisi zenye mafundi. Hivi vyote vinawezekana bila dola moja ya nyongeza, na nadhani ndiyo sababu havizungumzwi sana kwenye mikutano ya wafadhili.

Kigumu kitakuwa kukubali kijiji kikatae. Kamati yenye saini ya kweli itachelewesha malipo. Mkutano wenye mamlaka ya kweli siku moja utasema hatutaki ghala, tunataka nyumba ya mwalimu, nao mtaalamu atakuwa na takwimu zinazoonyesha kwamba ghala ni bora. Mwaka wa fedha unafungwa Juni 30, fedha isiyotumika iko hatarini kurudi Hazina, na mkurugenzi wa halmashauri hupimwa kwa asilimia aliyotumia kuliko kwa alichojenga. Katika mazingira hayo hakuna mkurugenzi atakayekipa kijiji wiki sita za kubishana mwezi Mei. Wanaotaka ushiriki uwe zaidi ya mahudhurio waanze na kanuni hiyo ya bajeti: fedha ya mradi ambao kijiji kimeukataa ibaki kwenye akaunti ya kijiji hicho, ivuke Juni, isubiri wakubaliane.